Kodi uliyokatwa zaidi haitakufuata nyumbani

SAA kumi na moja za jioni, viwanda vya Industrial Area jijini Nairobi vinapofungua malango, barabara za Enterprise, Likoni na Lunga Lunga hujaa watu wanaorudi nyumbani kwa miguu. Wengine huelekea Mukuru kwa Reuben na Mukuru kwa Njenga, wengine South B, na wengine hukata njia kuelekea Makadara, Jericho na Donholm.

Msomaji, hebu tuseme wewe ni mmoja wao. Uliajiriwa kwa mkataba mwezi wa Januari, na Juni ilipokwisha ukaambiwa kazi imepungua. Tangu Julai umekaa nyumbani. Karo ya mtoto inadaiwa, mwenye nyumba anabisha mlango kila tarehe tano, na muuza duka amekuandika kwenye kitabu hadi ukurasa umejaa. Je, wajua kwamba wakati huo wote huenda kuna pesa zako zilizolala serikalini, na kwamba hakuna atakayekuja kukubishia mlango akuletee?

Pesa hizo ni kodi ya mapato uliyokatwa kupita kiasi. Kurejeshewa ni haki yako kisheria. Lakini ni haki ya kufuatiliwa, na anayeifuatilia bila karatasi huchoka kabla ya kuipata.

Hesabu ya miezi sita

Kodi ya mfanyakazi hukatwa na mwajiri kila mwezi kwa mpango uitwao PAYE. Hata hivyo, Sheria ya Kodi ya Mapato, iliyoanza kutumika Januari 1, 1974, hutazama mapato ya mwaka mzima. Hapo ndipo tofauti huzaliwa. Mwajiri anapokukata Januari, hesabu yake ni kama kwamba utapokea mshahara huo hadi Desemba. Yeye hajui, wala wewe hujui, kwamba Julai utakuwa nyumbani.

Chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zinazozidi hapo asilimia 30 hadi kufikia shilingi 500,000. Ikiwa mshahara wako unaotozwa kodi ulikuwa shilingi 40,000, kodi ya mwezi mmoja ni shilingi 6,783 kabla ya kuondoa nafuu ya kibinafsi. Kwa miezi sita ni kama shilingi 40,700.

Sasa tazama mwaka mzima. Mapato yako yote ni shilingi 240,000, kwa kuwa tangu Julai hukupata kitu. Kiwango cha asilimia 10 kwa mwaka hufika hadi shilingi 288,000. Basi pesa zako zote zimo ndani ya kiwango hicho cha chini, na kodi yake ni shilingi 24,000. Tofauti ni shilingi 16,700. Nafuu ya kibinafsi, ambayo ni shilingi 2,400 kwa mwezi, haiwezi kuipunguza tofauti hiyo.

Si aliyeachishwa kazi pekee anayeweza kuzidishiwa. Mtu mwenye ulemavu aliye na cheti cha msamaha hatozwi kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi, lakini mwajiri asiyekiona cheti hicho huendelea kukata. Anayelipia bima ya maisha anastahili nafuu ya asilimia 15 ya malipo yake, isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Ikiwa mwajiri hakuihesabu, mlipaji huidai mwenyewe katika taarifa yake ya mapato.

Swali la saiba

Ni jambo la kusikitisha kwamba wengi huzika pesa hizi kwa mikono yao wenyewe. Siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa ya mapato ya mwaka uliotangulia ni Juni 30, na siku hiyo saiba za mitaani hufurika. Kijana wa saiba, mwenye foleni ya watu ishirini mbele yake, hukuuliza swali moja tu: "Mzee, una kazi?" Ukijibu huna, anakuandikia taarifa ya sufuri, unalipa, unaenda zako.

Swali lenyewe limekosewa. Taarifa hiyo haiulizi kama una kazi leo. Inauliza kama ulipata mapato mwaka jana. Kwa kuandika sufuri, umetangaza mapato yasiyo ya kweli, na pia umeifunika kodi iliyozidi usiweze kuidai. Bahati njema ni kwamba sheria inakuruhusu kuirekebisha taarifa uliyojitathmini mwenyewe ndani ya miaka mitano. Na miaka ni mitano pia, tangu siku kodi ilipozidi kulipwa, kwa anayetaka kuomba marejesho ya kodi ya mapato. Aliyekosea mwaka jana au mwaka juzi hajachelewa.

Fuata nyayo za pesa

Halmashauri ya Ushuru Nchini (KRA), iliyoanza kazi Julai 1, 1995, hupokea taarifa za mapato kupitia mtandao wa iTax. Safari ya marejesho ina hatua zake, na ukizijua utaweza kusema pesa zako zimekwama wapi.

Hatua ya kwanza ni fomu ya P9, ambayo mwajiri hukupa ikionyesha mshahara na kodi ya kila mwezi. Hata ukiachishwa kazi, idai. Hatua ya pili ni kuwasilisha taarifa ya mapato kwa kutumia fomu hiyo. Hatua ya tatu ni ombi la marejesho lenyewe. Wengi huishia hatua ya pili. Huona kompyuta imeonyesha kodi imezidi, wakarudi nyumbani kungoja. Kumbe kuonyeshwa si kuomba. Hakikisha ombi limewasilishwa, kisha chapisha risiti yake. Risiti hiyo ina nambari na tarehe, na ndiyo ufunguo wa kila swali utakalouliza baadaye.

Baada ya hapo maofisa hukagua ombi na kuamua. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 humwekea Kamishna muda wa kutoa uamuzi. Muda huo ulikuwa siku 90, na Sheria ya Fedha ya 2025 ikauongeza hadi siku 120. Ikiwa ombi litafanyiwa ukaguzi wa kina, muda ni mrefu zaidi. Kwa hivyo usianze kulalamika wiki ya tatu. Andika tarehe ya risiti kwenye kalenda ya ukutani, hesabu siku zako, na zikitimia uamke uende. Kumbuka pia kwamba ombi kukubaliwa ni jambo moja na pesa kuingia benki ni jingine.

Hapo ndipo hukwama

Ukifungua iTax na kukuta ombi halijasonga, sababu mara nyingi ni mojawapo ya hizi nne.

Kwanza, maelezo ya mwajiri hayalingani na yako. Mwajiri anatakiwa kupeleka PAYE kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita, pamoja na orodha ya wafanyakazi na nambari zao za PIN. Akikosea nambari yako, au akiwa alikata asipeleke, KRA haitaona alama ya pesa unazodai. Rudi kwa mwajiri aliyekuajiri umwombe arekebishe. Akikukwepa, ushahidi wako ni zile hati za mshahara za mwisho wa mwezi, ambazo Sheria ya Ajira ya 2007 humlazimu kukupa.

Pili, akaunti ya benki. Huenda uliyoandika wakati wa kujisajili ilifungwa zamani, au jina halilingani na la kitambulisho. Badilisha maelezo hayo kwenye iTax kabla ya kulaumu mtu.

Tatu, deni. Kabla ya kukurejeshea, KRA inaweza kukata unachodaiwa. Mwaka ambao hukuwasilisha taarifa huleta faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, iliyo kubwa kati ya hizo. Miaka mitatu ya kusahau yaweza kumeza shilingi 6,000 za marejesho yako.

Nne, barua usiyoisoma. Ofisa akihitaji stakabadhi, huandika kwa anwani ya barua pepe iliyo kwenye usajili wako. Ikiwa anwani hiyo ni ya kijana wa saiba aliyekusajili miaka iliyopita, yeye ndiye anayepokea habari zako, au haipokei mtu yeyote.

Ukienda, uliza hivi

Wakazi wa Eastlands hawalazimiki kwenda mbali. Huduma Centre ya Makadara iko karibu, na makao makuu ya KRA yako Times Tower, barabara ya Haile Selassie, mwendo unaoweza kutembea kutoka Industrial Area. Beba kitambulisho, nambari ya PIN, fomu ya P9, risiti ya ombi na nakala ya kila karatasi.

Ukifika dirishani usiseme tu, "Pesa zangu ziko wapi?" Swali hilo hujibiwa kwa neno moja: "Ngoja." Sema badala yake, "Habari ya kazi, dada. Niliwasilisha ombi hili tarehe fulani, nambari ndiyo hii. Naomba kujua liko hatua gani, lina upungufu gani, na nirudi lini." Andika majibu papo hapo pamoja na tarehe. Ukirudi mara ya pili, anza pale mlipoishia. Anayeuliza kwa tarehe na nambari hasukumwi kirahisi kutoka dirisha hadi dirisha.

Ombi likikataliwa, safari haijaisha. Una siku 30 za kupinga uamuzi huo kwa maandishi ukieleza sababu zako, na Kamishna ana siku 60 za kujibu pingamizi lako. Usiporidhika, una siku 30 nyingine za kwenda mbele ya Mahakama ya Rufaa za Kodi. Ikiwa tatizo ni kimya tu, kumbuka kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010, ambacho humpa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa haraka na kwa haki. Malalamiko ya namna hiyo hupokelewa na Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman.

Jihadhari na "wanaojua mtu"

Palipo na foleni hapakosi mjanja. Atakuambia ana ndugu ndani ya ofisi, umpe neno lako la siri la iTax na pesa kidogo "za chai". KRA haitozi ada yoyote kwa kushughulikia ombi la marejesho. Aliye na neno lako la siri anaweza kubadilisha akaunti ya benki, na pesa ulizozingoja mwaka mzima zikaishia kwake. Ukisaidiwa kwenye saiba, andika neno la siri kwa mkono wako, na ukifika nyumbani ulibadilishe.

Nanyi wanafunzi, hapa mna kazi. Nyinyi mnaijua kompyuta kuliko wazazi wenu. Jumapili hii, baada ya chakula, mwambie baba au mama akutolee fomu ya P9 na hati za mshahara za mwaka jana. Kaeni mezani mpige ile hesabu ya miezi. Tafuteni bahasha moja kubwa, mwandike juu yake mwaka, mtie kila karatasi humo, risiti ya ombi ikiwa ya mwisho.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Shilingi 16,700 haziwezi kumaliza shida za nyumba, lakini zaweza kulipa deni la duka na sehemu ya karo. Zilitoka kwenye jasho la miezi sita la mtu wa nyumba hiyo, na anayeweza kuzirudisha ni yule mwenye bahasha.