Turubai Haliongezwi Chumba!

Msomaji wangu, wewe uliyekulia mjini unaamini nyumba ni matofali, au siyo? Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka bibi yangu aliponiumbua kule Nanganga.

Nanganga ipo njia ya Masasi. Basi likishapita Mtama na Nyangao, shusha begi lako. Ni bonde la mto Lukuledi, Newala iko juu kule kwenye uwanda wa Makonde, na mvua ikiamua kushuka si mchezo! Masika moja viambaza viwili vya nyumba ya bibi viliporomoka. Wajukuu tukachangishana laki nne, mimi nikatumwa kama injinia wa ukoo. Kisa? Nimemaliza fomu foo!

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekuja na nini?"

Nikamwaga sera: chumba kimoja cha tofali, kuta nne, bati baadaye tukijaaliwa. Bibi akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Kwa hiyo masika ijayo nitakuwa na kuta, huku nanyeshewa?"

Akanivuta mkono tukaingia ndani. Ebo! Paa limesimama kama halijui kilichotokea. Lilibebwa na nguzo, siyo udongo. Fito za mianzi bado zimefungwa kamba, na udongo wenyewe umelala pale pale chini.

"Udongo ni nguo tu," akasema. "Mifupa hii hapa."

Nikamkumbuka msanifu mmoja wa Kijapani, Shigeru Ban. Baada ya mauaji ya Rwanda ya 1994, wakimbizi walipewa na Umoja wa Mataifa maturubai na nguzo za alumini. Alumini ina bei bwana, jamaa wakaziuza, wakarudi msituni kukata miti! Ban akaja na nguzo za mabomba ya karatasi ngumu, ambazo huwezi kumuuzia mtu. Mwaka 1999 vibanda 50 vya aina hiyo vilijengwa Byumba, Rwanda. Mifupa myepesi, vipande vinavyofungwa kwa mkono. Si yale yale ya bibi?

Sasa tujiulize. Mafuriko ya 1990 yaliikumba mikoa yetu ya Lindi na Mtwara. Septemba 10, 2016 tetemeko likabomoa nyumba Kagera, tena nyingine za tofali. Kila balaa likija, turubai ndilo la kwanza. Sawa, linasitiri. Lakini turubai haliongezwi chumba, na likichanika ndiyo basi.

Kwa nini lisije na nguzo, bati na waya wa kufungia? Mwezi wa kwanza unazungushia turubai. Ukipata nguvu, unakandika. Ukipata fedha, unapandisha tofali ukuta mmoja mmoja, paa halisogei. Familia ikikua, unaongeza nguzo pembeni. Msaada unageuka kuwa nyumba!

Kwa bibi tuliinua msingi kwa mawe, tukabadilisha nguzo za kona na kuzipaka oili chafu kuzuia mchwa. Wiki mbili alikaa na kuta za turubai, kisha majirani wakaja kukandika. Chenji ilibaki!

Akaniagiza nichimbie nguzo mbili zaidi ubavuni.

"Za nini tena, bibi?"

"Za chumba cha mke mwenzangu. Au hutaoa?"

Nikapanda basi kimya kimya.