Je, Wajua? Sinia la Wageni Kutoka Ziwani
Je, wajua kwamba ukiwa Musoma, Bunda au Butiama unaweza kuwaandalia wageni sinia la kuvutia kwa vitu vya sokoni tu?

Anza na samaki wakavu. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, kisha huanikwa juani. Tafuta walioanikwa kwenye vichanja. Wa mchangani watawasumbua wageni meno. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, ana mafuta mengi mno, jua peke yake halimkaushi vizuri. Ndiyo maana hubanikwa kwa moshi, na nyama yake hugeuka hudhurungi, ikanukia kuni.

Kaanga dagaa wakauke kabisa. Sangara mpitishe kwenye mvuke, mtoe miiba, mchambue vipande vinavyoshikika kwa vidole, kisha mpange katikati. Pembeni weka karanga, muhogo wa kuchemsha, parachichi na kachumbari yenye ndimu ya kutosha. Bila ndimu, mafuta ya sangara hukinaisha upesi.

Kabla hujalipa, mnuse sangara. Akinuka mafuta yaliyoharibika, mwache hapo hapo.