Ndama wa Tembo Hanyweshwi Maziwa ya Ng'ombe

Mapema mwaka 2017, huko Maasai Mara, alionekana ndama jike wa tembo ambaye mkonga wake ulikuwa umenaswa na waya. Mitego ya aina hiyo hutegewa hasa swala na wanyama wengine wa kitoweo, lakini waya hauchagui. Mnyama akivuta ajinasue, kitanzi kinazidi kukaza, na kwa ndama yule kilikuwa kimekaribia kuukata mkonga. Alisafirishwa hadi kituo cha Sheldrick cha kulea tembo yatima, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, akachomwa dawa ya usingizi, na madaktari wakaushona. Alipewa jina Enkesha. Mkonga ulipona.

Picha za upasuaji kama ule husambaa haraka, na ni haki yake. Lakini ukiwauliza wanaolea tembo, watakwambia jeraha lina dawa: huoshwa, huondolewa nyama iliyooza, hupakwa udongo maalumu wa kukausha, na siku zikapita likafunga. Kinachowanyima usingizi ni tumbo la ndama.

Tembo huzaliwa baada ya mimba ya miezi 22 hivi, akiwa na uzito wa kilo 100 au zaidi. Pamoja na ukubwa huo, bado ni mtoto mchanga. Kwa miaka miwili ya mwanzo hawezi kuishi bila maziwa, na huendelea kunyonya hata baada ya hapo. Basi msamaria mwema akimkuta yatima kando ya mto, wazo la kwanza ni kumletea maziwa ya ng'ombe kwenye ndoo. Ndama hunywa, kisha huanza kuhara. Maji na chumvi humtoka mwilini, na baada ya muda mfupi tu hana nguvu za kusimama.

Sababu iko kwenye mafuta. Mafuta ya maziwa ya tembo yamejaa asidi mbili, kapriki na lauriki, ambazo maziwa ya ng'ombe yanazo kidogo tu. Daphne Sheldrick, aliyezaliwa Kenya mwaka 1934 na kufanya kazi Tsavo pamoja na mumewe David, alihangaika miaka mingi akichanganya hiki na kile huku ndama wakimfia mikononi. Jibu alilipata kwenye kitu ambacho mpishi yeyote wa Pwani anacho jikoni: nazi. Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki kwa wingi, na yakichanganywa na maziwa ya unga ya watoto wachanga, ndama waliyapokea. Kituo cha Reteti cha Samburu, kilichofunguliwa mwaka 2016 na kinachomilikiwa na jamii yenyewe, kimegeukia maziwa ya mbuzi yanayonunuliwa kwa akina mama wafugaji wa eneo hilo. Maziwa ya mbuzi nayo yana kapriki nyingi kuliko ya ng'ombe. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sayansi inayokaa: inamwokoa tembo na kumwachia mama wa Kisamburu hela mfukoni.

Maziwa sahihi nayo hayatoshi. Ndama akinyonya hutumia kinywa, si mkonga, na mkonga hutaka mahali pa kuegemea kwenye mwili wa mama. Kwa hiyo walezi hutundika blanketi, mlezi akasimama nyuma yake na kupitisha chupa pembeni. Ndama huja, huusugua mkonga kwenye kitambaa, hukipapasa, kisha hutulia na kuanza kunywa. Bila blanketi wengine hugoma kabisa. Chupa hutolewa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na usiku mlezi hulala kwenye kitanda ndani ya banda lilelile. Mchana wadogo kabisa hufunikwa kwa mwavuli, kwa kuwa porini wangekuwa chini ya tumbo la mama wakikingwa jua linaloweza kuwaunguza masikio.

Na mlezi hubadilishwa. Somo hilo lilipatikana kwa uchungu katika miaka ya 1970, Daphne alipomlea ndama aitwaye Aisha kwa mkono wake mwenyewe. Aliposafiri kwenda kwenye harusi ya binti yake, Aisha aliacha kula, akafa. Tangu hapo yatima hulelewa na kundi la walezi wanaopokezana, ili akiondoka mmoja, familia iwe bado ipo.

Kuna jambo moja ambalo wageni hulitazama kwa kukunja pua: ndama hula kinyesi cha tembo wakubwa. Waacheni. Ndama huzaliwa bila bakteria wa kuvunjavunja majani tumboni, na hao huwapata humo.

Wakikua, yatima wa Nairobi huhamishiwa Tsavo au msitu wa Kibwezi, ambako hukutana na tembo wa mwituni na kuhama taratibu, wengine kwa miaka kadhaa. Majike kadhaa wamezaa huko, na wapo wanaorudi na watoto wao karibu na walezi waliowanywesha chupa.

Si kila mtoto wa mnyama aliye peke yake ni yatima. Swala wengi huwaficha watoto wao kwenye nyasi na kwenda kula, wakirudi kunyonyesha. Anayemwokota mtoto huyo amemwiba. Zaidi ya hayo, kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria, Kenya na Tanzania.

Kwa hiyo ukikuta ndama wa tembo, kwanza rudi nyuma: kundi linaweza kuwa karibu, na mama anayemtafuta mtoto hana subira na mtu. Usimpe maziwa, usimzungushie umati wa wapiga picha. Toa taarifa kwa mamlaka za wanyamapori: KWS ukiwa Kenya, au TANAPA au TAWA ukiwa Tanzania, ueleze mahali penyewe na saa uliyomwona. Na ukiona waya umefungwa kichakani, taja na huo.