Usalama wa Mabwawa: Sababu ya Kutakiwa Kibali na Ukaguzi

Bwawa ni neema katika nchi yenye kiangazi kirefu. Huwapa watu maji, hunywesha ng'ombe na kumwagilia mashamba. Na yale makubwa, kama Masinga katika Mto Tana, lililokamilika mwaka 1981, huweka akiba ya maji ya kuendeshea mitambo ya umeme. Lakini yafaa kila mtu ajue kwamba maji yaliyozuiwa ni mzigo mzito sana. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Basi bwawa la shamba lenye urefu wa mita 100, upana wa mita 50 na kina cha mita 2 limebeba tani 10,000. Mzigo huo wote hushikwa na tuta la udongo, usiku na mchana, na watu wakaao chini yake hulala wakilitegemea.

MSIBA WA SOLAI

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua nyingi za masika, tuta la bwawa la shamba moja huko Solai, katika Kaunti ya Nakuru, lilibomoka. Maji yaliteremka kwa nguvu yakachukua nyumba, mifugo na watu. Waliokufa walizidi 40, wakiwamo watoto wengi. Baada ya msiba huo wakaguzi walitumwa kuyatazama mabwawa mengine.

JINSI TUTA LINAVYOBOMOKA

Tuta la udongo huharibika hasa kwa njia mbili. Ya kwanza ni maji kupita juu yake. Kila bwawa hutakiwa kuwa na mfereji wa kando wa kutolea maji yaliyozidi. Mfereji ukiwa mdogo, au ukizibwa na magogo na matope, maji hupanda hata yakafurika juu ya tuta. Hapo huanza kuchimba udongo wa upande wa chini, na kwa muda mfupi tuta lote huweza kukatika.

Njia ya pili ni maji kupenya ndani. Kila tuta la udongo huvuja kidogo, na maji machache yaliyo safi si lazima yawe dalili ya hatari. Lakini yakitoka yakiwa na tope, maana yake ni kwamba yanabeba udongo wa tuta lenyewe, na tundu ndani linazidi kupanuka. Mizizi ya miti mikubwa, mashimo ya wanyama na vichuguu vya mchwa huyafungulia maji njia hiyo. Ndiyo sababu tuta hupandwa nyasi, wala halipandwi miti.

SHERIA YASEMAJE

Mtu aweza kuuliza: Shamba ni langu na maji ni ya mvua, mbona niombe ruhusa? Jawabu ni kwamba bwawa likibomoka, maji hayasimami mpakani. Hasara humwangukia jirani ambaye hakushauriwa lilipojengwa. Kwa hiyo Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yataka kibali, nacho hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kanuni za mwaka 2007 ziliyagawa mabwawa katika makundi matatu, kwa kutazama kina, wingi wa maji na ukubwa wa eneo ambalo maji yake hutoka, ili makubwa yaangaliwe zaidi. Hata hivyo, ukubwa si jambo la pekee. Bwawa dogo lililo juu ya kijiji laweza kuua watu wengi kuliko kubwa lililo nyikani.

Nchi nyingine pia zilijifunza kwa machozi. Mwaka 1925, huko Dolgarrog, Wales, bwawa moja lilipasuka, maji yake yakaliangukia bwawa la pili lililokuwa chini, nalo likabomoka. Watu 16 walikufa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1930 ikaamuru mabwawa makubwa yakaguliwe na mhandisi mwenye sifa, angalau mara moja kila miaka 10. Sheria iliyofuata, ya mwaka 1975, yataka mkaguzi huyo asiwe mtumishi wa mwenye bwawa, ili aseme kweli bila kuogopa kupoteza kazi.

DALILI ZA KUANGALIWA

Mkaguzi hawezi kuwapo kila siku. Wakaao karibu ndio waonao kwanza. Dalili za hatari ni hizi: nyufa juu ya tuta, sehemu ya tuta iliyodidimia au kuporomoka, maji yenye tope chini yake, mahali palipolowa ghafula ambapo zamani palikuwa pakavu, na mfereji wa maji ya ziada ulioziba.

Aonaye dalili hizo amwarifu mwenye bwawa, chifu na ofisi ya maji upesi. Asijaribu kulichimba tuta ili kupunguza maji, kwa maana tundu dogo huweza kuwa mwanzo wa kubomoka. Mvua ikiwa kubwa na hatari ikionekana, watu waondoke bondeni mara moja, wapande mahali pa juu, wala wasirudi kuchukua vyombo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa bwawa huweza kujengwa tena, lakini waliochukuliwa na maji hawarudi.