Mgeni wa Mwambani Katika Sebule ya Kaloleni

Kaloleni hakuna bahari. Kuna minazi, kuna mihogo, kuna jua la kaskazi lipasualo utosi, lakini atakaye kuyaona maji ya chumvi hana budi ashike njia ya Mavueni mpaka Kilifi. Hata hivyo tamaa ya tangi la kioo la maji ya bahari haizuiwi na umbali, na aliyekwisha kuonja raha ya kumtazama samaki sebuleni hatosheki na samaki peke yake; ataka na lile ua ambamo samaki hujificha. Basi ua hilo ndilo tulizungumzao leo, ndugu msomaji, maana aghalabu huwafia wanagenzi mikononi, nao wasijue lililomuua.

Ua nasema kwa mazoea ya macho tu. Anemoni ni mnyama, jamaa ya matumbawe na yavuyavu. Chini ana unyayo wa kujishikizia jabalini. Juu ana kinywa kimoja kilichozungukwa na minyiri, na kwa kinywa hicho hula, na kwa hicho hicho hutoa taka. Minyiri yake imejaa vishale vya sumu visivyoonekana kwa macho. Tena ndani ya nyama yake wanakaa wapangaji, vimwani vidogo mno, ambavyo hupika chakula kwa mwanga na kumgawia mwenye nyumba. Ndiyo sababu anemoni wa miamba yetu hutaka mwanga mkali kwa saa nane hadi kumi kila siku. Mnyime mwanga, wapangaji watakufa, naye atawafuata polepole.

Wa samaki nitasema machache. Wale wadogo wenye mikanda myeupe, ambao watoto wamewajua kwa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, hukingwa na ute wa ngozi zao wasichomwe. Wote huzaliwa madume, na mkubwa wao ndiye hugeuka jike. Mmoja wao, wa rangi ya kahawia iliyokoza, huonekana tangu Kenya hadi Afrika Kusini, na wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka 1970. Samaki huyu akiwa baharini ni mhitaji wa anemoni. Tangini aweza kuishi bila yeye. Basi asikudanganye muuzaji kwamba lazima uwanunue wawili.

Lakini jambo nilitakalo lishike moyoni ni umri wa mgeni huyu. Mwaka 1828 Sir John Dalyell wa Uskoti alimwokota anemoni mmoja ufuoni North Berwick, akamtia katika chombo cha kioo. Dalyell akafariki mwaka 1851, anemoni hakufa. Akapokezanwa mkono kwa mkono kama amana, hata akafika Bustani ya Mimea ya Edinburgh, watu wakimwita Bibi, akazaa watoto kwa mamia, na hakufa hata mwaka 1887. Hesabu mwenyewe: takriban miaka 60. Yule alikuwa wa maji ya baridi, asiyehitaji mwanga kama huyu wetu, na wala hapakuwa na pampu ya stima. Kilichomweka ni maji ya bahari, yakibadilishwa bila kuchoka.

Na maji ndiyo mtihani wa Kaloleni. Tangi la lita 200, ambalo ni dogo kwa kazi hii, lataka libadilishwe kama lita 40 kila wiki mbili. Hiyo ni mitungi miwili ya plastiki ya lita 20, safari 26 kwa mwaka, kwa matatu au kwa bodaboda. Mitungi isiwe imewahi kutiwa mafuta ya taa wala sabuni. Maji yatekwe yakiwa yamejaa, katika ufuo ulio wazi, si ndani ya mkono wa bahari wa Kilifi baada ya mvua, kwani mito imekwisha kuyapunguza chumvi na kuyatia matope. Na aliye upande wa Malindi ajihadhari na mlango wa mto Sabaki wakati wa masika. Maji yake huwa mekundu kama chai. Ukifika nyumbani, yachuje kwa kitambaa cheupe.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipindua. Maji yakipungua tangini kwa joto, kinachopaa ni maji; chumvi hubaki. Mtu akijaliza maji ya bahari, chumvi huzidi juu ya chumvi mpaka anemoni akajikunyata. Piga mstari kwenye kioo, na kila siku ujalize kwa maji matamu hadi mstarini, chumvi ikae kama gramu 35 kwa lita. Lakini si maji ya bomba yenye klorini wala ya mvua yaliyotiririka juu ya mabati! Mabati hutoa zinki, na wanyama hawa hawastahimili zinki wala shaba. Vivyo hivyo dawa ya samaki yenye shaba: samaki atapona, anemoni atakufa.

Halafu kuna joto. Digrii 24 hadi 27 zamfaa. Zikipita 30, hufukuza wapangaji wake na kugeuka mweupe. Ugonjwa huu si wa tangini tu. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu kwa namna hiyo hiyo. Hapo Kaloleni, mwezi wa Februari, feni ikipuliza juu ya maji hushusha digrii kadhaa, kwa siri ile ile ya mtungi wa udongo wa maji ya kunywa. Na stima ikikatika, chukua kopo, uteke na kuyamimina maji kutoka juu, tena na tena, hewa iingie. Ni kazi ya kukesha, lakini huokoa.

Usimlete mgeni katika tangi jipya. Lipe miezi sita, vijidudu viyeyushavyo uchafu vizoee, amonia isiwepo kabisa. Ukimchagua, mtazame kinywa kiwe kimefumba na unyayo usiwe na jeraha. Mweupe si mzuri, ni mgonjwa. Na wa manjano ya kung'ara pengine ametiwa rangi na wauzaji. Mpe kipande cha kamba kadiri ya ukucha mara moja au mbili kwa wiki. Funika mdomo wa pampu kwa sponji, kwa maana hutembea usiku na hunyonywa.

Na atoke wapi? Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu mwaka 1968, humo hakitolewi hata kombe. Na kwingineko biashara ya viumbe hawa yataka leseni. Uingereza, vitabu vya Philip Gosse vya miaka ya 1850 viliwatia watu wazimu wa matangi, wakamiminika pwani na patasi, hata mwanawe Edmund akaandika mwaka 1907 akisikitikia vidimbwi vya utotoni mwake vilivyoporwa. Sisi tuna njia bora: yuko anemoni mwenye ncha za minyiri zilizovimba kama viputo, ambaye hujigawa mwenyewe tangini. Mwombe mwenzio kipande.

Chuoni tulisomeshwa habari ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachilie ajitafutie. Tukasomeshwa pia habari ya mtoto Abu Umayr na kidege chake, jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomliwaza kilipokufa. Katika hiyo ya pili wanazuoni wametoa ruhusa ya kufuga ndege tunduni. Sharti lake limo katika ile ya kwanza. Na paka angalau hulia. Anemoni hana sauti.

Ana dalili tu. Akinywea kwa saa chache kisha akafumka, ametoa taka, usimsumbue. Lakini kinywa kikiachama, minyiri ikimeguka na maji yakanuka uvundo, mtoe saa ile ile, maana mmoja mkubwa akiozea ndani aweza kuua samaki wote kabla ya alfajiri. Kisha ubadilishe maji mengi kwa mara moja. Kwa hiyo mkaaji wa Kaloleni, aliye mbali na ufuo, awe daima na mitungi miwili ya akiba, imejaa, imefunikwa, kivulini.