Kaa Sakafuni, Chalii Angu

Oya, machalii wa Moshono, tuelewane mapema. Chuga ni mji wa vikao. Azimio la Arusha la 1967 lilizaliwa hapa. Mandela alikuja kuwasuluhisha Warundi, wakasaini Agosti 2000. Mahakama ya UN ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa jengo la AICC mpaka 2015. Jumuiya ya Afrika Mashariki ndiyo kwao. Tumekua tunapishana na ma-V8 yenye vibendera. Kwa hiyo ticha akiingia klasi na kusema leo mnaigiza mkutano wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi, usishangae kishamba. Tafuta blazia.

Game lenyewe linaitwa World Climate. Wametengeneza Climate Interactive na masela wa MIT kule Marekani, na linachezwa dunia nzima. Moshono mambo ya kuletwa tumeyazoea, toka Gemma Sisia wa Australia aanzishe shule ya St Jude mwaka 2002 na wanafunzi watatu tu. Mnagawanywa: Marekani, Ulaya, matajiri wengine, China, India, halafu "nchi nyingine zinazoendelea", yaani sisi na ukoo mzima. Ticha anajifanya Katibu Mkuu wa UN. Kila kundi linataja hewa chafu yake itafika kilele mwaka gani, itaanza kushuka lini, kwa asilimia ngapi, misitu itakuwaje, na mkwanja wa kuchangia. Namba zinaingia kwenye programu ya C-ROADS, joto la mwaka 2100 linachorwa ukutani live. Lengo ni lile la Paris 2015: chini ya nyuzi 2, ikiwezekana 1.5.

Sasa utamu wote upo kwenye viti. Matajiri wanapewa meza, kitambaa safi, keki, juisi. Wengine wanapata viti vikavu. Sisi? Sakafu. Simenti ya Julai ya Chuga, unaijua ilivyo. Ticha hajazingua, ndivyo game lilivyopangwa. Dakika kumi tu, vituko vinaanza. Chalii mliyegawana naye muhogo wa jero asubuhi getini, leo ni Ulaya, hakujui. Kakunja nne. Anamega keki kidogo kidogo. Kiingereza kinatokea puani: "We shall consider." Consider nini, mwanangu, na wewe kwenu Kijenge Juu?

Raundi ya kwanza huwa aibu tupu. Ahadi za kibishoo, kubwa mdomoni, ndogo mfukoni. Namba zinaingizwa, mstari unatikisika kidogo, joto limeganda kulekule juu. Halafu shuka la bluu linatupwa juu ya watu wa sakafuni. Hiyo ndiyo bahari, imepanda. Wa mezani wanacheka, simu nje, status imeshapatikana. Ila huku kwetu shuka lile linakaba. Aprili 2024 mafuriko yalisomba gari la shule pale Muriet, na kuna watoto hawakurudi nyumbani. Ukilikumbushia hilo, hata Ulaya anaweka keki chini.

Turudi kwenye noti, ule mkwanja wa kuchangia, maana hapo ndipo watu wanapovuana nguo. Picha ni hii: mmezama Kwa Mrombo, wana wamemaliza mbuzi mzima, wewe umetokea mwishoni ukaambulia supu na mfupa. Bili inakuja, wanasema tugawane sawa. Utakubali? Mkutano wa Copenhagen 2009, walaji wenyewe, yaani matajiri, waliahidi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Wakafikisha 2022, wamechelewa na hawana hata soni. Baku, Novemba 2024, wakasema basi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, wakati walala hoi walikuwa wanadai trilioni 1.3. India wakawaka kinoma, nyundo ishagongwa. Usijaribu kuzigeuza shilingi. Simu yako ya mchina itaanza kuandika herufi.

Mavazi. Blazia ya dingi, hapana. Mabega yanakaa Sakina, mikono inaishia Ngaramtoni. Suti ya kukodi ya harusi nayo ni kujitia umaskini, hela ya chipsi wiki nzima kwa shoo ya masaa mawili. Zama Samunge, chambua mtumba, piga pasi, imeisha hiyo. Ukitaka bingwa wa swaga mcheki Simon Kofe, waziri wa Tuvalu: mwaka 2021 aliuhutubia mkutano wa tabianchi wa COP26 kwa video, suti, tai, suruali kakunja, kasimama ndani ya bahari maji magotini. Shuka la bluu lake lilikuwa la ukweli.

Nyumbani wala usijisumbue kusimulia. Babu atakwambia mvua zimekimbia kwa sababu mabinti wanavaa suruali. Maza atauliza kama linatoka kwenye necta. Mshua ataanza "enzi zetu Mlima Meru...", yeye huyohuyo aliyefyeka migrevilea yote ya uani ili wapita njia waone geti jipya.

Sasa wengi wakiulizwa wanataka Umarekani. Ushamba. Mezani kazi yako ni kukataa kwa adabu huku unatafuna. Sakafuni mko umati, mnaweza kugoma, kumvizia China pembeni mkapiga dili, kuiba hata juisi. Na sakafu ya kweli ina bosi wake: mwaka 2025 kundi la Afrika la majadiliano ya tabianchi lilishikwa na Mbongo, Dk. Richard Muyungi. Huyo ndiye wa kumkopi, achana na mapua ya Ulaya.

Ila jipange. Kuna swali moja litawakata stimu. Mtajifanya wahanga, mtalia lia vizuri, halafu atasimama mtu aulize: na lile bomba la mafuta ghafi toka Hoima mpaka Tanga, kilomita 1,443, sehemu kubwa imepita kwenu, hilo mnalielezeaje? Mwenye swali huwa ni yule demu wa dawati la mbele aliyepewa nafasi ya mwanaharakati kwenye game, anasoma kuliko ticha. Andaeni jibu toka jana usiku. Na liwe la Kiingereza, maana yule hana huruma.