Je, wajua? Zimwi la mezani huuawa na zamu

Asubuhi pale Petite Barrière, kivuko cha mpakani Gisenyi, Rwanda, watu hawahesabiki: akina mama na mabeseni ya nyanya kichwani, walemavu na baiskeli zao za magurudumu matatu zilizosheheni mizigo, wote macho Birere, upande wa Goma, Kongo. Wote hao wakisonga kwa pamoja mahali pa wazi, hakuna askari wa kuwazuia. Wakifika penye kizuizi wanakuwa foleni. Anapita huyu, halafu yule.

Msimulizi wa Dungeons & Dragons angefaidika kusimama hapo nusu saa. Mchezo huo wa mezani walioutoa Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani mwaka 1974 unataka kila mchezaji awe shujaa fulani, na msimulizi ayaendeshe mazimwi. Ukitaka kulikata zimwi unarusha dadu ya pande 20. Dadu ndiyo inayosema kama upanga umepata nyama au hewa. Raha yote iko hapo, zimwi likiwa la kutisha kweli. Sasa wanakuja wageni wawili, meza ya watu wanne inakuwa ya sita, na zimwi lilelile linakufa kama kuku.

Tupige hesabu. Zimwi lina uhai 120, nalo ndilo linaloanza kila mzunguko kwa pigo moja. Kila shujaa hulipunguzia 10 kwa zamu yake. Mashujaa wanne wanalimaliza kwa mizunguko mitatu, kwa hiyo wamekula mapigo matatu, robo tatu ya pigo kwa kila kichwa. Sita wanalimaliza kwa miwili: mapigo mawili kwa watu sita, theluthi moja kwa kichwa. Watu wameongezeka mara moja na nusu tu, maumivu ya kila mmoja yamepungua mara 2.25. Ndiyo 36 kwa 16, sita mara sita kwa nne mara nne. Mwingereza Frederick Lanchester aliiandika hesabu hii ya kujizidisha mwaka 1916, akiwaza ndege za kivita, si mazimwi.

Wengi hukimbilia kuliongezea zimwi uhai. Mimi naona ni dawa mbaya: pambano linarefuka, na meza ya watu sita tayari ina kungoja kwingi. Ukiliongezea meno, linaua mtu kwa pigo moja, naye anakaa usiku kucha akitazama wenzake wakicheza. Kinacholipungukia ni zamu. Ndiyo maana toleo la tano, la mwaka 2014, liliyapa mazimwi makubwa ruhusa ya kujibu mara kadhaa baada ya zamu za wachezaji. Kitabu cha msimulizi cha mwaka huohuo kilihesabu pia wasaidizi: mazimwi yakiwa matatu hadi sita, uzito wa pambano ulizidishwa kwa mbili, ila kundi la wachezaji likifika sita, kizidisho kilishushwa hatua moja.

Au msimulizi aliweke zimwi penye njia ya upana wa mtu mmoja, akitengeneza kizuizi chake mwenyewe. Hapo wenye mapanga wanapigana mmoja mmoja, na wa nyuma wanashika foleni. Mwenye upinde, lakini, anafyatua juu ya kichwa cha mwenzake, na hesabu ya Lanchester inarudi palepale.